Jibu: Kibali cha kuishi Ujerumani kinaombwa Dar au hukohuko?

Dada wa Uyole uliyeuliza, hapana, ubalozini Dar hupati kibali, unapata viza ya D (ya kukaa muda mrefu) ambayo ada yake ni euro 75, ndo unaingilia nayo, ukishafika unajiandikisha unapoishi ndani ya wiki mbili halafu unaomba kibali chenyewe ofisi ya wageni ya mji huo, na uombe kabla viza haijaisha muda.

Ila kwa sisi manesi kazi kubwa sio viza, ni cheti chako kutambuliwa kule. Diploma yako inalinganishwa na mafunzo yao, wakiona kuna upungufu wanakwambia usome kozi ya nyongeza au ufanye mtihani, na hiyo unaweza kwenda kuimalizia hukohuko huku unafanya kazi kama msaidizi. Lugha mara nyingi wanataka B2, yaani kiwango cha juu ya kati cha Kijerumani, ili usajiliwe nesi kamili, kwa hiyo anza Kijerumani leo hata kwa simu, usisubiri mwajiri. Mtihani wa lugha unafanyika Goethe, taasisi ya Kijerumani iliyoko Dar, na basi toka Mbeya unalijua linavyochosha, panga na siku ya kupumzika kabla ya mtihani.

Pasipoti wala isikuumize kichwa, ukiwa na NIDA na cheti cha kuzaliwa nenda uhamiaji hapo mjini.

Huyo wakala anayetaka hela ya "kukuhakikishia kibali" muulize leseni ya wizara ya kazi, akianza maneno mengi mkimbie. Mkataba wa mwajiri usome mwenyewe, mshahara, masaa, na nani analipia kozi.