Rada na unyevu chini ya mahindi

SWALI: Mahindi yangu yamenipita kichwa. Mwanangu anasema setilaiti yenye rada inaweza kupima unyevu wa udongo chini yake. Itapenyaje majani yote hayo? – Mama mkulima, Njoro

JIBU: Mwanao hajakosea, mama, ila yategemea urefu wa wimbi ambalo rada hutuma. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1 hutumia wimbi la sentimita 5.6 hivi. Mahindi yakishatoa mbelewele, sehemu kubwa ya wimbi hilo hugonga majani na mabua na kurudi juu kabla ya kufika ardhini. Tena jani lenyewe lina maji, kwa hiyo mwangwi wake huchanganyika na ule wa udongo. Kuutenganisha ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Setilaiti ya NISAR, iliyorushwa Julai 2025 na Marekani pamoja na India, ina wimbi refu zaidi, takribani sentimita 24, nalo hupenya vizuri zaidi.

Hata hivyo, kipimo hicho ni cha sentimita 5 za juu tu, na mizizi yako imeshuka zaidi ya hapo. Kabla hujalipia programu yoyote ya simu, chimba katikati ya mistari hadi mkono uzame kufika kiwiko, finya udongo wa chini. Ukishikana donge na kuacha unyevu kiganjani, usimwagilie bado.