Leza ya bunduki: yajue haya kabla hujakabidhiwa PEQ-15

Wadogo zangu mnaojiunga na jeshi la Marekani, najua wengi mmetoka Nairobi, Arusha, Mombasa huko na hamjawahi kushika hata bastola, sasa mkishapangiwa vikosi mtapewa bunduki ya M4 na kwenye reli yake mbele, ile ya kufungia vifaa, kuna kidude cha leza ya kulengea kinaitwa PEQ-15. Kinatumia betri moja tu ya CR123A, kinaonekana kama toi, ndio maana watu wanakichezea.

Ndani mna leza nyekundu ya kawaida, mna leza ya infraredi ambayo huioni mpaka uvae miwani ya usiku, halafu mna tochi ya infraredi ya kumulikia. Nyekundu ikikupiga jichoni unafumba mwenyewe bila kuambiwa, lakini infraredi jicho haliioni kwa hiyo halifumbi, mwanga unapita moja kwa moja mpaka kwenye retina, ule utando wa kuonea nyuma ya jicho, na retina ikiungua huwa hausikii maumivu yoyote na hairudi tena ilivyokuwa. Kwa hiyo kile kiskrubu cha bluu kinachozuia swichi isifike AH na DH, yaani nguvu ya juu, mazoezini kiacheni hapo hapo, asije mjanja akawaambia eti mkitoe muone mbali. Na sio kwamba ukikwepa nyuso za watu basi umemaliza, kioo cha gari, dirisha, hata kibao cha barabarani kinarudisha mwanga.

Kuziro sasa, yaani kurekebisha leza iendane na risasi inapopiga, hapa ndio wengi wanachanganyikiwa. Leza haikai ndani ya mtutu, imekaa pembeni au juu yake, kwa hiyo mstari wa leza na njia ya risasi ni vitu viwili. Chukulia leza iko sentimita 4 kulia kwa mtutu, ukaziro mita 25 ukalazimisha risasi ipige pale pale kwenye doti, utafurahi sana siku hiyo, ila ile mistari imeshakatana, mita 100 doti iko sentimita 12 upande wa pili na mita 300 imefika 44. Umemkosa mtu mzima bana na ulilenga katikati! Ndio maana karatasi ya kuzirolia ina alama ya kulenga sehemu moja na risasi zinatakiwa ziangukie sehemu nyingine, mistari ikienda sambamba ile sentimita 4 inabaki 4 popote. Uzuri ni kwamba leza nyekundu na infraredi zimefungwa pamoja, ukirekebisha moja na nyingine inafuata. Halafu ukikifungua kwenye reli ukirudishe tundu lile lile, ukikosea tundu ziro imeenda.

Usiku ukiwasha, kila mwenye miwani anaona mstari mzima kutoka kwako hadi unapolenga, kwenye vumbi au ukungu ndio kabisa. Zamani Iraq na Afghanistan adui wengi hawakuwa na miwani hizo kwa hiyo watu walizoea kuacha leza imewaka tu, lakini Ukraine pande zote mbili wanazo, ndio maana siku hizi tunafundishwa pia kulenga kwa doti ya kwenye optiki, kile kioo cha kulengea juu ya bunduki, tukiwa tumevaa miwani, bila kuwasha chochote. Ukilazimika kuwasha leza, ni kugusa kidogo, kuthibitisha, kuzima. Na ukibofya mara mbili haraka kinabaki kimewaka, sasa unakuta askari mgeni anazunguka anawachora wenzake migongoni bila kujua na sajenti anaona kila kitu.

Kifungeni kwa kamba, namba yake inahesabiwa kila zamu na kikipotea kikosi kizima hakilali. Betri toeni mkikirudisha stoo. Na wale wa kununua leza za kiraia mtandaoni mkampelekee binamu nyumbani kwenye sanduku la nguo, hivi vitu vina sheria za kusafirisha silaha nje, bila leseni hiyo ni kesi ya serikali kuu hata kama ulinunua kwa hela yako.