Re: Binti wa miaka 17 alitokaje msituni peke yake?
Mkuu, umeuliza kama ni kweli binti alianguka na ndege akaishi msituni siku 11, na alikula nini. Ni kweli kabisa: Juliane Koepcke, Peru, Desemba 24, 1971. Ndege ilipigwa na radi, wenzake wote 91 wakafa.

Chakula kilikuwa peremende tu. Kilichomtoa ni malezi: wazazi wake walikuwa wataalamu wa wanyama, na alishaishi nao kwenye kituo chao cha utafiti humo humo Amazon. Baba alimfundisha kwamba ukipotea, fuata maji, utakuta watu. Akakifuata kijito, kiatu kimoja, mtulinga (mfupa wa mbele ya bega) umevunjika, fimbo mkononi akipapasa mchangani asije akakanyaga samaki aina ya taa, maana mwiba wake una sumu.

Kidonda cha mkono kikaingia funza. Alipokuta boti na kibanda akamiminia petroli, akawatoa mmoja mmoja (usiige hii!). Wakata mbao wakamkuta hapo hapo.

Ila hilo la kufuata maji usimkaririshe kijana wako kila mahali. Milimani mto humfikisha mtu kwenye maporomoko. Kama watu wanajua alikokwenda, abaki alipo, awashe moto wa moshi mwingi.