Mapanga ya feni yanabanduka: nifume kama ya injini ya ndege?

Swali: Nina karakana Nakuru. Naunda mapanga ya feni za kukaushia mahindi kwa fibaglasi na resini ya poliesta, tabaka nane kila panga, tabaka mbili kwa siku. Kipande cha gunzi kikiligonga, linafunguka katikati kama daftari lililolowa. Nasikia ya injini za ndege hufumwa yakawa kitu kimoja. Nami nifume?

Jibu: Ulilosikia ni kweli. Injini ya LEAP, inayorusha Airbus A320neo na Boeing 737 MAX, ina mapanga 18 ya kaboni upande wa mbele. Kitambaa cha kawaida kina mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) tu, kama mkeka. Ukipanga mikeka minane, kati ya mmoja na mwenzake hakuna uzi, ni resini tupu, ile gundi inayoganda, na ufa ukiingia hapo unateleza hadi mwisho. Panga la LEAP hufumwa kwa unene wake wote: nyuzi za mtande hushuka toka tabaka hadi tabaka, zikazifunga pamoja. Likiwa kavu huwekwa kwenye kalibu, resini ikasukumwa ndani kwa shinikizo, kisha likaivishwa kwa joto. Ukingo wa mbele huvikwa titani, kwani ndege (yule wa manyoya) akimezwa na injini hupiga hapo kwanza.

Wewe lakini usifume. Kosa lako liko kwenye "mbili kwa siku". Poliesta yenye nta ikiganda, nta hupanda juu, na tabaka la kesho hushika nta badala ya tabaka la jana. Weka zote nane siku moja, la chini likiwa bado linanata. Kitambaa kikiwa kizito, gramu 600 kwa mita mraba, weka nne kwanza, zipoe, kisha nne nyingine siku hiyo hiyo, la sivyo resini itachemka yenyewe na kupasuka. Ukilazimika kulala, kwangua kwa msasa namba 80 hadi mng'ao uishe, ufute vumbi. Kwa gramu 100 za kitambaa, resini gramu 100 hivi. Ikizidi sana, umeongeza uzito na udhaifu.

Kushona tabaka kavu kwa sindano huzuia ufa, ila kila tundu hukata nyuzi na kuacha kidimbwi cha resini. Tena furushi lililoshonwa halilowi kwa brashi. Linataka pampu ya kunyonya hewa.

Panga likikauka, ligonge kwa sarafu kila sentimita mbili. Mlio mkavu ni salama. Panapolia bubu pamebanduka. Hilo usilizibe kwa resini ukalirudisha kwenye feni. Litupe.