Rola dabi kwa shabiki mpya: macho uyaweke wapi

Rola dabi ni mchezo wa kukumbana, timu mbili zikizunguka njia ya duara kwa viatu vya magurudumu. Anayetazama ya wanawake kwa mara ya kwanza huwakodolea macho wale wawili wenye nyota kwenye helmeti, mmoja kwa kila timu, kwa sababu ndio wanaochomoka. Baada ya dakika kumi ameshapotea: alama zinapanda hajaona zimetoka wapi, filimbi inalia hajui nani kakosea. Anza na wale wengine wanane, wanaoonekana kama abiria waliobanana mlangoni. Mchezo uko kwao.

Tumalize ya msingi kwanza. Kanuni tunazozifuata hapa ni za WFTDA, chama cha rola dabi ya wanawake ya njia bapa kilichoanza mwaka 2004. Mechi ina vipindi viwili vya dakika 30. Kila kipindi kimekatwa vipande vinavyoitwa jemu. Jemu moja haizidi dakika 2, na katikati kuna sekunde 30 za kupanga watu. Kila timu inaingiza watano: mvaa nyota mmoja na wazuiaji wanne, mmoja wao akiwa na mstari kwenye helmeti. Wote huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Mvaa nyota akipenya kundi la wazuiaji mara ya kwanza hapati kitu. Akizunguka na kurudi, kila mzuiaji wa wapinzani anayempita kihalali ni alama 1, kwa hiyo mzunguko uliokamilika ni alama 4. Aliyekaa kwenye benchi la adhabu naye anahesabiwa, ndiyo maana unaweza kuona wapinzani watatu tu njiani na bado ubao ukaandika 4. Ukitaka uhakika, mtazame refa wa mvaa nyota, yule mwenye utepe wa rangi ya timu mkononi: huinua vidole kuonyesha alama za kila mzunguko.

Sasa wale wanane. Filimbi ya kuanza ikilia, usimfuate mtu. Tazama jinsi ukuta unavyojengwa. Aina utakayoiona sana ni ya watu watatu: wawili wamempa mvaa nyota wa wapinzani mgongo, wamekunja magoti kidogo, nyonga zimegusana, wa tatu yuko mbele yao amewageukia, mikono mabegani mwao, ameng'ang'ania sakafu kwa zile breki za mpira zilizo kwenye ncha za viatu. Huyo wa tatu ndiye jicho la ukuta. Wenzake hawamwoni vizuri anayewasukuma, yeye anamwona uso kwa uso, na kwa kuwavuta mabega anawaambia waende kushoto au kulia. Mvaa nyota akihamia ukingo wa nje, ukuta mzima unatambaa naye. Ukuta hubomoka pale mmoja anapojitenga kwenda kupiga kumbo la kishujaa akakosa, au wale wawili wakiachana nyonga kwa upana wa bega tu. Mvaa nyota mzuri huuona huo ufa kabla yako, anaingiza bega, na basi tena.

Mzuiaji wa nne wa timu hiyo kwa kawaida yuko kwenye kazi nyingine: kuvunja ukuta wa wapinzani ili nyota wa kwao apite. Hapa ndipo mgeni huchanganyikiwa, maana timu zote mbili zinashambulia na kulinda kwa wakati mmoja, mahali pamoja. Chagua timu moja na uitazame peke yake jemu tano mfululizo. Kisha badilisha.

Lipo jambo moja linalowashangaza karibu wote. Mvaa nyota anapigwa kumbo, anatoka nje ya mstari, halafu aliyempiga anakimbia kurudi nyuma kana kwamba amepotea njia. Sababu ni kwamba aliyetolewa nje lazima aingie tena nyuma ya aliyemtoa. Mzuiaji akirudi nyuma mita kadhaa, mvaa nyota naye hana budi kurudi huko. Akiharakisha akaingia mbele yake, amekata njia, na hiyo ni sekunde 30 benchini. Kurudi huko nako kuna kikomo. Kundi ndilo msongamano mkubwa zaidi wa wazuiaji wa timu zote mbili walio ndani ya kama mita 3 wao kwa wao, na kucheza kunaruhusiwa hadi kama mita 6 mbele yake au nyuma yake tu. Ndiyo maana marefa hawachoki kupiga kelele za onyo.

Filimbi jifunze kwa sikio, inasaidia kuliko ubao. Mlio mmoja mfupi: jemu imeanza. Miwili mifupi: mmoja wa wavaa nyota amekuwa kiongozi, yaani amelipenya kundi wa kwanza na kihalali. Mmoja mrefu: adhabu. Minne ya harakaharaka: jemu imekwisha. Kiongozi ana haki moja kubwa, kuikatisha jemu kwa kujipigapiga nyonga kwa mikono yote miwili. Wageni huzomea wakiona mtu amechukua alama 4 kisha akasimamisha mambo. Angalia nyuma yake kabla hujazomea: mpinzani anakaribia kupata za kwake. Kufunga 4 na kumwacha na sifuri ni hesabu nzuri. Kiongozi akipata adhabu haki hiyo inapotea, na jemu huweza kwenda dakika 2 kamili.

Kama mvaa nyota amekwama kabisa, anavua kile kitambaa cha nyota kinachofunika helmeti na kumpa mkononi mwenzake mwenye mstari, ambaye sasa ndiye mfungaji. Kukirusha hairuhusiwi. Ukiona mvaa nyota amebanwa muda mrefu na kichwa kinageukageuka, anamtafuta huyo, usipepese macho.

Adhabu si za kukariri zote. Kupiga kumbo kwa bega, nyonga au kiwiliwili ni halali. Mgongoni, kichwani, chini ya katikati ya paja, au kwa kutumia kiwiko, kigasha na viganja, si halali. Adhabu saba kwa mechi moja, umetoka. Inayogeuza mechi ni ya mvaa nyota, kwa sababu kwa sekunde 30 timu yake haina wa kufunga huku mwingine akizunguka na kuchuma. Pengo la alama 15 huweza kuyeyuka humo, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Kuhusu kiti: mara ya kwanza kaa juu, upande wa mstari wa kuanzia, karibu na kona ya kwanza, kwa kuwa kundi hupangwa hapo. Kukaa sakafuni kando ya njia kunasisimua, lakini utaona migongo tu, na wachezaji huruka nje wakakuangukia. Ukikaa huko, usiweke kinywaji wala begi mbele ya miguu, na watoto wapeleke juu.

Swali la "je, ni maigizo?" litakufikia tu. Mchezo ulianza Chicago mwaka 1935 chini ya Leo Seltzer, na katika miongo iliyofuata vitimbi vya jukwaani viliingia kweli. Uliofufuliwa Austin, Texas, kuanzia 2001 ni mwingine: majina ya utani na michoro ya usoni vimebaki kwa baadhi yao, matokeo hayapangwi. Ukiona njia iliyoinuliwa pembeni kama sahani badala ya sakafu bapa, jua kanuni zinatofautiana na hizi.

Na saa ya kipindi ikifika sifuri, usiinuke. Jemu iliyokwisha anza inaendelea mpaka ikatishwe au dakika zake 2 ziishe, na alama zake zote zinahesabiwa. Subiri ile milio minne.