Kwa mnaoanza kusoma mabango ya kale ya muziki ya Paris

Anzeni na jiwe la kuchapia, majina makubwa yatawafuata. Wengi wanaoingia katika fani hii hukimbilia mchoraji Toulouse-Lautrec kabla hawajajua wino ulifikaje kwenye karatasi. Msanii alichora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, kulia kukiwa kushoto. Jiwe lililoweshwa maji, kisha wino ukashika penye mchoro tu, kwa kuwa mafuta na maji havipatani. Kila rangi ilidai jiwe lake.

Ndiyo maana nawasihi mtembee na kioo cha kukuzia. Mkiona vinukta vilivyojipanga sawasawa, hiyo ni nakala ya mitambo ya baadaye. Jiwe huacha chembechembe zisizolingana, na kwa Lautrec mtakuta pia matone ya wino aliyoyarusha kwa brashi. Pimeni na ukubwa: kati ya 1895 na 1900 mabango mengi yalichapwa upya kwa umbo dogo katika mkusanyo wa mabango uitwao Maîtres de l'Affiche. Ni chapa halali za mawe, ila si zile zilizobandikwa ukutani.

Mkishazoea hayo, kaeni sana na bango la Divan Japonais la 1893. Lautrec alitakiwa kutangaza ukumbi wa nyimbo, lakini aliyemweka mbele ni mtazamaji: mcheza dansi Jane Avril, amekaa kwa gauni jeusi. Mwimbaji Yvette Guilbert yuko nyuma jukwaani, na kichwa chake kimekatwa na ukingo wa karatasi! Watu wa Paris walimtambua kwa glavu zake ndefu nyeusi. Mimi sijaona ujasiri unaozidi huo katika kazi ya tangazo. Chunguzeni pia mikono ya kiongozi wa bendi na shingo za fidla kubwa za besi zinavyotenganisha jukwaa na viti.

Mchoraji wa mabango Jules Chéret msimpite haraka, kwani ndiye aliyefungua njia. Mwaka huohuo wa 1893 alimchora mcheza dansi Loïe Fuller wa ukumbi wa Folies Bergère, aliyecheza na vitambaa vipana chini ya taa za rangi. Bango lilichapwa kwa michanganyiko tofauti ya rangi, hivyo zikiwekwa pamoja, nakala zenyewe hubadilika kama taa zile.

Mkifika kwa mchoraji Paul Colin na bango lake la onyesho la La Revue Nègre la 1925, sifuni mstari wake, lakini msinyamazie midomo ya dhihaka aliyowachorea wanaume Weusi walio pamoja na mcheza dansi Josephine Baker. Katika insha zenu yaandikeni yote mawili.