Mgongo wa fundi cherehani: nilivyounyoosha bila kuulazimisha

Ndugu yangu uliyeuliza, umeeleza kwamba una miaka 26, unashona sare za shule kutwa nzima, mgongo wako wa juu umeanza kupinda, unaumwa katikati ya makombe ya mabega, na unataka kujua kama ununue mkanda wa kunyoosha mgongo. Mimi ninashona kwa cherehani ya kukanyaga hapa Tanga tangu mwaka 2003, na maumivu hayo niliishi nayo karibu miaka mitatu kabla sijaelewa chanzo chake, kwa hiyo utanivumilia nikijibu kwa urefu.

Ishara ya kwanza sikuiona kwenye mgongo bali kwenye shati. Nilijishonea shati kwa kipimo changu cha miaka yote, na nilipolivaa pindo la nyuma likapanda juu huku la mbele likining'inia. Mafundi tunajua maana yake, kwani mteja mwenye kibiongo hukatiwa mgongo mrefu kuliko kifua. Nikaanza kujirekebisha kwa kukaza mwili: kila nilipokumbuka, nilitoa kifua mbele na kurudisha mabega nyuma kama askari wa gwaride, nikadumu hivyo dakika mbili tatu, kisha nikazama tena kwenye kitambaa. Baada ya wiki chache maumivu ya juu yalikuwa palepale, na kiuno ambacho hakikuwa na tatizo nacho kikaanza kuuma.

Mwaka 2019 nilikwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mama mmoja mtulivu, ambaye hakuanza na mgongo hata kidogo. Aliniambia nikae kama ninavyokaa ninapotaka kunyooka, akaweka viganja vyake kwenye mbavu zangu za chini upande wa mbele, kisha akaniagiza nitoe pumzi polepole kwa mdomo, kama mtu anayepuliza jiko la mkaa asitake majivu yaruke, na nisivute nyingine mpaka ile iishe yote. Pumzi ilipokaribia kwisha nilihisi mbavu zikishuka chini ya viganja vyake, tumbo la chini likajikaza lenyewe, na kiuno nilichokuwa nimekibinua kikalegea. Akasema, "Sasa vuta kwa pua, pumzi iende ubavuni na mgongoni, mabega yasipande." Nilishindwa mara kadhaa, na hapo ndipo nilipotambua kwamba miaka yote nilikuwa ninapumua kwa mabega.

Sababu alinieleza vizuri. Kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kimeshikizwa kwenye mbavu za chini na pia kwenye pingili za juu za kiuno, kwa hiyo msuli unaotupa pumzi ndio huohuo unaosaidia kushikilia uti wa mgongo. Mtu akijikunja juu ya mashine, mbavu hulibana tumbo, kiwambo hukosa nafasi ya kushuka, na misuli ya shingo hulazimika kunyanyua kifua kwa kila pumzi. Hata ukipumua mara 12 tu kwa dakika, kwa saa nane za kazi shingo imenyanyua kifua zaidi ya mara 5,000. Juu ya hayo inabeba kichwa, ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi, na kadiri kinavyokwenda mbele ndivyo kinavyozidi kuilemea; shika ndoo karibu na kifua, kisha ishike kwa mkono ulionyooshwa, utanielewa.

Hata hivyo, pumzi peke yake isingenitosha kama ningerudi kwenye stuli ileile. Ilikuwa fupi, magoti yakawa juu kuliko nyonga, na mtu akikaa hivyo kiuno hujikunja kwa nyuma na kichwa hutangulia. Seremala aliniongezea miguu ya stuli kwa sentimita 6, ile ya nyuma ikazidi ya mbele kwa sentimita 2, ili kikalio kiinamie kidogo upande wa mashine. Meza ya kukatia niliiinua kwa matofali mpaka ikafika chini kidogo ya kiwiko. Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa macho. Nilikuwa na miaka 41, na nusu ya kuinama kwangu, naamini kabisa, kulitokana na kutafuta tundu la sindano nisiloliona tena vizuri. Nilipopata miwani ya kusomea na taa ndogo karibu na sindano, kichwa kilirudi nyuma bila kuamriwa. Wewe bado kijana, lakini kagua mwanga wako kabla ya kuulaumu mgongo. Na kila bobini inapokwisha uzi, nyanyuka, simama, toa pumzi tatu ndefu, kisha ndipo ujaze nyingine.

Mazoezi yangu ni machache, na nimeyafanya mara nne kwa wiki. Ninalala chali juu ya mkeka, nikiwa nimekunja kanga kama mto mwembamba na kuiweka kukatiza chini ya makombe ya mabega, mikono wazi, dakika tano, huku nikipumua kama nilivyoeleza. Kisha ninafunga mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kwenye nondo za dirisha na kuuvuta kwa mikono miwili mpaka viwiko vipite mbavu, mara 12, raundi tatu, kidevu kikiwa kimeingia ndani kidogo. Mwisho ninapiga goti moja chini na kunyoosha mbele ya paja, kwa sababu misuli hiyo hufupika kwa kukaa.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote nimelirithi kwa mama: ninaweka ngata kichwani, juu yake pakiti ya unga ya kilo moja, na kutembea uani. Ukiinamisha kichwa unga unaanguka, ukijikaza pia unga unaanguka, kwa hiyo mwili hutafuta wenyewe mahali pake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 kuhusu wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu nchini Kenya ulionyesha kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Sisemi ubebe ndoo ya lita 20. Mizigo mizito ya kila siku huumiza shingo. Kilo moja inatosha.

Kuhusu mkanda, mimi niliununua na kuuvaa. Ulinikumbusha nisijikunje, lakini nilipouvua nilirudi palepale, kwa kuwa ulifanya kazi ambayo misuli yangu ilipaswa kuifanya. Fedha hiyo mpe seremala.

Usianze lolote kati ya haya ikiwa una ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, mkojo unaokutoka bila kujua, homa, jasho la usiku, kukonda, au nundu iliyochongoka ghafla mgongoni. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo na kuleta kibiongo, na ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa. Nenda hospitali upimwe.

Usijipime kwa kioo, maana mbele ya kioo kila mtu hujinyoosha. Jishonee shati moja kwa kipimo cha kawaida, mgongo usiongezwe hata sentimita, ulivae mara moja kila mwezi na umwombe mwenzako aangalie pindo kutoka ubavuni bila kukuambia ni lini. Langu lilikaa sawa katika mwezi wa tano tangu nianze.